Sura ya Tano: Dirisha la Upande wa Dereva

Matawi yalikuwa yamelala katikati ya njia yetu, mabichi, majani yake hayajaanza kunyauka. Kwa yeyote aliyesafiri barabara kuu za Tanzania, matawi barabarani yana maana moja: mbele kuna lori limeharibika, punguza mwendo. Utingo hukata matawi kichakani na kuyapanga hatua kwa hatua nyuma ya gari lake. Hata wenye pembetatu zinazong'aa bado huongeza majani, maana dereva huyaamini majani zaidi. Mjomba wangu alipunguza mwendo. Tukatambaa. Lori hatukuliona.

"Haya si ya utingo," alisema, akasogea pembeni bila kuzima injini.

Alininyooshea kidole niangalie mahali tawi lilipoachana na mti wake. Tawi lililokatwa kwa panga huwa na jeraha safi la mshazari, kama penseli iliyochongwa. Haya yalikuwa yameraruliwa. Gome lilining'inia kwa nyuzi ndefu, na matawi mawili yalikuwa yamechubuliwa yakabaki meupe kabisa. Mbele kidogo, juu ya mstari mweupe wa lami, palikuwa na mafungu ya kinyesi, makubwa kama mpira wa miguu, bado yana unyevu. Mjomba alipandisha kioo chake polepole, akaniashiria na mimi nifanye hivyo hivyo.

Walikuwa mkono wa kulia, ndani ya kichaka ambacho kwa mwendo wetu wa kawaida tungekipita kwa sekunde tatu. Kwanza niliona sikio likipepea. Kisha kile nilichodhani ni kivuli kikahama. Tembo saba, labda wanane, na mmoja mdogo aliyekuwa bado anapita chini ya tumbo la mama yake bila kuinama. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na kwa masomo yote ya jiografia niliyokuwa nimefundishwa, hakuna mtu aliyekuwa ameniambia kwamba barabara inasomeka.

Mjomba alikuwa dereva wa malori ya Zambia kwa zaidi ya miaka ishirini. Hakuwahi kulipa kiingilio cha hifadhi yoyote. Lakini aliijua Mikumi kuliko watu wengi waliolipa, kwa kuwa aliipita mara nne kwa mwezi, masika na kiangazi, mchana na usiku, na hakuwahi kuacha kuitazama. Sura hii ni juu ya utazamaji huo. Watanzania wengi hukutana na wanyama wao kwa namna hiyo moja tu: kwa dirisha la basi, bure, kwa muda usiozidi saa moja. Naamini mkutano huo una thamani kubwa kuliko inavyosemwa, na kwamba tunaupoteza kwa kusinzia.

Barabara yenyewe, ya Dar es Salaam hadi Zambia, haikujengwa kwa ajili ya watalii. Novemba 1965 serikali ya walowezi wa Rhodesia ilipojitangazia uhuru wake, Zambia ilijikuta njia yake ya kusini, iliyopitisha shaba na mafuta, haitegemeki tena. Dar es Salaam ikawa mlango wake. Malori yalipeleka mapipa ya mafuta na kurudi na shaba, kwenye njia ya vumbi na matope iliyoua madereva mpaka wale waliozungumza Kiingereza wakaipa jina la Mbio za Jehanamu. Bomba la mafuta lilikamilika mwaka 1968, reli ya TAZARA ikakamilika mwaka 1975, na katika miaka hiyo hiyo lami ikatandikwa. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilikuwa imeshatangazwa tangu 1964. Kwa hiyo ni lami iliyoingia hifadhini. Nalisisitiza hili kwa sababu nimekaa karibu na abiria wakilalamika kwamba wanyama "wanakatiza ovyo."

Hifadhi ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230, na barabara inaikata kwa takriban kilomita 50. Jina lake linatokana na mikumi, ile miti mirefu ya jamii ya mnazi yenye kitambi katikati ya shina ambayo watu wa pwani wanaiita mivumo. Tembo hula matunda yake, huyabeba tumboni siku nzima, na huiangusha mbegu mbali na mti mama, ndani ya samadi iliyo tayari. Yale mafungu ya kinyesi tuliyoyaona siku ile, kama tungeruhusiwa kushuka na kuyapasua kwa kijiti, huenda tungeikuta hifadhi ya kesho humo ndani.

Sasa niseme la kiti, kwani nimeulizwa mara nyingi. Ukitoka Dar es Salaam, kaa upande wa dereva. Uwanda wa Mkata, ulio wazi na wenye wanyama wengi, uko mkono wa kulia. Kushoto vichaka na vilima huja karibu na kuziba macho. Jua la mchana litakuunguza upande huo, na pazia la basi utalazimika kugombana nalo, lakini hiyo ndiyo bei yake. Saa ni jambo gumu zaidi. Basi linaloondoka Dar saa 12 asubuhi hupita Mikumi kwenye saa 5 au 6, jua likiwa utosini, na wanyama wenye akili wote wamejilaza kivulini. Wanaotoka Mbeya alfajiri ndio wenye bahati: wao huingia hifadhini alasiri, kivuli kikianza kurefuka, wakati swala wanapotoka na tembo wanapoteremka kwenye maji. Nimesafiri pande zote mbili mara nyingi, na kurasa za daftari langu zilizojaa ni za safari za kurudi.

Daftari hilo nilianza kuliandika baada ya siku ile ya matawi. Ndani yake nimeandika tarehe, saa, upande wa barabara, namba ya nguzo ya kilomita nikiwahi kuisoma, na nilichokiona. Lilinifundisha kwanza jinsi nilivyokuwa sioni. Mtu anayetafuta mnyama hutafuta rangi, na rangi ndiyo inayodanganya. Pundamilia, ambaye vitabuni ni mweusi na mweupe, kwa mbali ni wa kijivu kama jiwe. Twiga aliyesimama nyuma ya migunga hufanana na kisiki kilichoungua. Mjomba alinipa kanuni ambayo bado naitumia: porini karibu kila kitu kimesimama wima, miti, nyasi, vichuguu, hivyo tafuta mstari uliolala. Mstari uliolala ni mgongo. Ukishaupata mgongo mmoja wa swala pala, macho yanafunguka, na kumbe wako thelathini.

Alinifundisha pia kuwatumia ndege. Yangeyange weupe wakirukaruka juu ya nyasi ndefu mahali ambapo huoni kitu, hapo chini kuna nyati au tembo anayetembea, na ndege wanafuata wadudu wanaofurushwa na miguu yake. Tumbusi wakiwa angani wanazunguka, bado wanatafuta. Wakiwa wametua juu ya mti mmoja, wote wameelekea upande mmoja, chini yao kuna mlaji ambaye bado hajamaliza.

Na barabara yenyewe huwaita wanyama. Hili niliwahi kulifikiria kama bahati tu, mpaka nilipoanza kuona mahali pale pale pakijirudia daftarini. Mvua ikinyesha juu ya lami haina pa kuzama, hutiririka yote pembeni, kwa hiyo ukanda mwembamba kando ya barabara hupata maji maradufu na hubaki wa kijani wiki kadhaa baada ya mbuga kukauka. Nyasi zinazofyekwa huko huchipua upya, laini. Kwenye makalvati maji hutuama. Malori yanayotoka nyanda za juu na mahindi hudondosha punje, na punje huwaita nyani na kanga. Usiku lami hushika joto la mchana, na nyoka huja kujilaza juu yake. Kila kimoja kinaleta kingine nyuma yake. Abiria anayeshangaa kuona ngiri amepiga magoti anakula majani mita mbili kutoka kwenye tairi, mkia wake ukiwa tayari kusimama kama antena, ajue ngiri yule amekuja kwa hesabu nzuri kabisa ya chakula.

Napenda zaidi linalotokea ndani ya basi. Kwa saa tano watu hawasemeshani. Kila mmoja na simu yake, video ya bongo fleva inapiga juu ya kichwa cha dereva. Kisha mtu mmoja anasema "Twiga!" na basi zima linainuka. Wa kushoto wanahamia kulia, mtoto asiyejulikana ni wa nani anabebwa na mtu asiyemjua ili aone, konda anakuwa mwalimu. Twiga ni mnyama wa taifa letu na yuko kwenye mkia wa ndege za Air Tanzania, lakini nimeona watu wazima, wenye wajukuu, wakimtazama kwa mara ya kwanza katika maisha yao kupitia kioo chenye ufa. Bibi mmoja aliyekuwa akipeleka kuku wawili kwa mwanawe Makambako alinishika mkono, akaniuliza kwa sauti ya chini kama yule mnyama anaweza kulala chini na shingo ile. Nikamwambia huweza, kwa muda mfupi sana, shingo akiwa ameikunja kuelekea mgongoni. Akanyamaza akiwaza, kisha akasema, "Maskini, hana usingizi." Sijasikia maelezo bora kuliko hayo kuhusu maisha ya twiga.

Lazima niandike pia kuhusu waliokufa, kwa sababu daftari langu limejaa hao.

Fungo, kanu, nyegere: wanyama hawa watatu wa usiku niliwajua kwanza wakiwa maiti. Fungo wangu wa kwanza alikuwa amelala kandokando ya lami asubuhi na mapema, madoa yake yamepangika vizuri mno, uso wake kama amevaa kitambaa cheusi machoni. Hakuwa na jeraha la kuonekana. Kwa muda mrefu nilidhani mnyama huyu ni adimu. Kumbe wako wengi kiasi cha kugongwa mara kwa mara, ni mimi niliyekuwa nikisafiri saa ambazo wao wamelala. Watafiti wameihesabu mizoga ya barabara hii tangu miaka ya 1990. Carlos Drews alichapisha kazi yake mwaka 1995 na kuwatazama kwa karibu nyani, ambao wamefuatiliwa Mikumi tangu miaka ya 1970 na wanajulikana mmoja mmoja. Fikiria maana ya hilo. Pale abiria anapoona nyani aliyegongwa, kuna mtu anayefungua daftari lake na kuandika kwamba mama wa fulani hayupo tena.

Mwendo unaoruhusiwa hifadhini ni kilomita 70 kwa saa mchana na 50 usiku. Kuna matuta, kuna vibao vya faini kwa kila mnyama atakayegongwa. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hula mita 28 kila sekunde, na dereva makini kabisa hutumia sekunde moja kutambua kwamba kile kilicho mbele si kivuli. Kwa kilomita 70 sekunde hiyo hiyo hula mita 19. Tofauti ya mita 9 ni urefu wa basi dogo; ni swala na watoto wake wawili. Tumbusi naye ana tatizo lake: akishakula mzoga huwa mzito, kuruka kwake kunahitaji kukimbia kwanza, na gari la pili humkuta hapo hapo juu ya mzoga ulioachwa na gari la kwanza. Kifo kimoja barabarani huzaa kingine kama hakuna mtu wa kuuondoa mzoga.

Kwa miaka mingi, tangu miaka ya 1990, mabasi ya abiria hayakuruhusiwa kusafiri usiku kucha, malori yaliendelea. Mwaka 2023 ruhusa ilirudishwa. Naelewa faida yake: mfanyabiashara wa Tunduma hulala safarini na kufanya kazi mchana. Lakini mimi niliyepita Mikumi saa 8 za usiku mara mbili tangu hapo ninajua kilichokuwa mbele ya taa. Mara ya kwanza nilikaa kiti cha mbele kabisa na kuhesabu macho. Macho ya kijani, mengi kwa pamoja, ya swala. Jozi moja ya chini, inayopanda na kushuka, ya fisi. Na juu ya lami, karibu na ardhi kabisa, vidoti vyekundu kama makaa ya sigara, vinavyosubiri mpaka taa zinakaribia kabisa ndipo vinaruka.

Hao ni virukanjia. Wazee waliompa ndege huyu jina hawakuwa na magari. Walikuwa wakitembea kwa miguu usiku kwenye vijia vya mchanga, na ndege mmoja wa rangi ya majani makavu alikuwa akiinuka mbele yao, akitua hatua kumi mbele, akiinuka tena. Anapenda mahali peupe palipo wazi, ambapo anaweza kuona wadudu dhidi ya mwanga wa anga. Kijia kilimpa hivyo. Lami inampa hivyo zaidi, ina joto, na wadudu wanafuata taa. Tabia iliyomfaa kwa maelfu ya miaka, kusubiri mpaka hatua ya mwisho ndipo aruke, ilipimwa kwa mwendo wa mtu. Dereva wetu usiku ule alikuwa mtu mzuri, hakuzidisha mwendo, lakini kati ya virukanjia niliowahesabu watatu hawakuwahi.

Nje ya hifadhi, baada ya mji wa Mikumi, barabara inashuka kwenye joto la bonde la Ruaha Mkuu, na miti inabadilika ghafla. Ruaha Mbuyuni hapahitaji kibao. Mibuyu imejaa mabondeni na juu ya miteremko mpaka macho yanapofikia, kila mmoja na tumbo lake, mingine ina matobo ambayo nyuki wameyafanya nyumba. Masika ina majani. Kiangazi inabaki kama imepandwa kichwa chini. Nimepita hapo zaidi ya mara arobaini na bado huwa naacha kuzungumza. Ua la mbuyu hufunguka jioni, jeupe, kubwa kama kiganja, likinuka, na popo ndio wageni wake. Kesho yake mchana limeshalegea. Kwa hiyo msafiri wa mchana hulikuta limedondoka chini, na hilo ni moja ya vitu vichache vya kuokota njiani ambavyo hakuna sheria wala dhamira itakayokukataza.

Hapo ndipo mabasi mengi husimama, na hapo ndipo vitunguu vilipo. Vimepangwa mezani kwa vilima, vyekundu vilivyoiva, vingine kwenye nyavu ndefu zinazoning'inia kwenye fito, na wauzaji hulikimbilia basi kabla halijasimama. Mwanamke mmoja niliyenunua kwake kwa miaka aliwahi kunieleza namna ya kuchagua: bonyeza shingoni, si tumboni. Shingo ikiwa kavu na imefunga, kitunguu kitakaa miezi. Ikiwa laini, kitaoza kabla hujafika Tunduma. Pembeni wanauza mabuyu na ukwaju kwenye mifuko. Mimi hununua buyu zima lenye gamba lake, kama lilivyodondoka, lenye manyoya ya kijani kama mahameli, na kulipasua nyumbani mbele ya watoto.

Kuhusu nyani wa mlima wa Kitonga, unaofuata baada ya Ruaha Mbuyuni, nitasema kwa ufupi, kwa kuwa jambo lenyewe linaniumiza. Mlima unapanda kwa kona kali, malori yanapanda kwa gia namba moja kwa mwendo wa mtu anayetembea, na nyani wamekaa kwenye kingo za zege wakisubiri. Abiria huwarushia ndizi, biskuti, chupa za soda. Wanacheka kwa upendo, naamini. Lakini nyani aliyezoea hivyo huwafundisha wanawe kukaa kwenye kona, na kona ya Kitonga ni mahali ambapo breki za lori linaloshuka zikikataa hakuna pa kukimbilia. Siku moja kwenye basi nililopanda, kijana alirusha maganda ya chungwa, na nyani jike mwenye mtoto mgongoni akayafuata hadi katikati ya njia. Dereva alikanyaga breki, watu wakapigwa vichwa kwenye viti, nyani akapona. Tangu siku hiyo nikiona mtu anafungua kioo Kitonga namwomba, kwa heshima, akifunge. Wengi hufunga. Mmoja aliniuliza, "Sasa watakula nini?" Nikamwonyesha mlima mzima, msitu wote ule juu yetu.

Nimetaja vitu vya kuokota, na hapa nina hadithi ya aibu iliyonifaa.

Kabla ya kuingia hifadhini, mabasi husimama kichakani kwa ajili ya kuchimba dawa, kwani ukishaingia ndani ya zile kilomita 50 hakuna kushuka. Wanaume upande huu, wanawake upande ule, dakika tano. Katika dakika hizo nimeona mambo mengi kuliko katika saa nzima ya dirishani: njia ya siafu inayokatiza nyayo za gari, jongoo amejikunja kama kifungo cha koti, kenge ameduwaa juu ya kalvati. Siku hiyo niliona mwiba wa nungunungu. Ulikuwa urefu wa mkono wangu mpaka kiwiko, mweusi na mweupe kwa zamu, laini kama umepakwa nta. Niliuweka mfukoni, ncha ikitokeza nje.

Mzee aliyekuwa amekaa nyuma yangu aliuona tulipopanda. Hakunipigia kelele. Aliniinamia na kusema, "Mwanangu, hiyo ni nyara ya serikali. Mbele kuna geti. Uweke ulipoutoa."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haitofautishi pembe ya ndovu na kilichodondoka chenyewe: mfupa, jino, kucha, ngozi, nywele, manyoya ya ndege, yai, sehemu yoyote ya mnyama wa porini ni nyara, na kuwa nayo bila kibali ni kosa. Nilirudi mbio, konda akipiga mluzi. Baadaye, basi likitembea, mzee alinieleza kwamba alikuwa askari wa wanyamapori kabla ya kustaafu. Hakunihubiria. Aliniuliza tu kama nilikuwa nimeangalia mwiba ulikuwa umelala vipi, ulikuwa mmoja au mingi, palikuwa na damu, palikuwa na nyayo. Sikuwa nimeangalia chochote. "Ungekuwa umeangalia," alisema, "ungejua kama nungunungu alipita tu au alipigana na chui." Miiba mingi iliyotawanyika na udongo uliochimbuliwa ni vita. Mwiba mmoja juu ya nyasi zilizolala vizuri ni mnyama aliyepita zake. Nilikuwa nimeokota kitu na kuiacha habari yake chini.

Tangu hapo mfuko wangu una penseli tu. Nachora. Sichori vizuri, lakini mkono unaochora hulazimisha jicho kukaa mahali pamoja, na dakika tano za kuchimba dawa zinatosha kuchora unyayo mmoja wa kwato za kuro kwenye matope yaliyokauka.

Kupita Ilula, ambako nyanya zimejaa kwenye matenga pande zote mbili za barabara, na kupita Iringa iliyo juu ya kilima chake, kuna njia inayochepuka kushoto kiasi cha kilomita 20 kutoka mjini. Isimila. Mwaka 1951 msafiri mmoja kutoka Afrika Kusini aliyekuwa akipita njia hii alisimama kwenye korongo kavu na kuokota mawe. Mawe yalikuwa na umbo la tone, yamechongwa pande mbili, yana ncha. Mwaka 1957 na 1958 mtafiti Clark Howell na wenzake walichimba hapo, na kilichofahamika ni kwamba palikuwa na ziwa dogo, na kando ya ziwa hilo, zaidi ya miaka 200,000 iliyopita, watu walikuwa wakichonga mashoka ya mkono na kuyaacha kwa mamia. Ilipatikana pia mifupa ya kiboko wa aina isiyokuwepo tena duniani, mwenye macho yaliyoinuka juu ya kichwa chake ili aone akiwa amezama karibu mwili wote.

Nilifika hapo na mjomba, miaka michache baada ya kustaafu udereva. Alikuwa amepita njia panda ile maisha yake yote ya kazi bila kukata kona, maana mzigo haungoji. Mwenyeji wetu alitutembeza korongoni kati ya zile nguzo ndefu za udongo ambazo mvua imezichonga, kisha akatuonyesha jiwe ambalo mvua za wiki iliyotangulia zilikuwa zimelifunua, nusu bado limo ardhini. Akalitoa kwa uangalifu, akamkabidhi mjomba alishike.

Mjomba alilipokea kwa mikono miwili. Akaligeuza, akatafuta mahali gumba linapokaa, akalipata. Kiganja chake, chenye sugu za usukani, kilifunga juu ya jiwe kama vile vimetengenezwa pamoja. Alikaa kimya kwa muda. Kutoka barabarani, mbali, tulisikia lori likipunguza gia kwenye mteremko, na nikamwona akigeuza kichwa kidogo kusikiliza, kwa mazoea.

"Lilikuwa limeelekea wapi?" alimuuliza mwenyeji wetu.

"Ncha upande huu, mzee."

Mjomba alipiga magoti, akafuta vumbi kwa kidole kwenye lile tundu, akalirudisha jiwe ndani yake, akalizungusha kidogo kidogo mpaka likakaa kama lilivyokuwa.